Mshahara wa Kwanza Usiniletee

Gatwiri,

Saa hii uko kwa Kanyua. Ulisema unaenda kumuaga dakika mbili, na chai niliyokupikia imeshika utando. Nimekaa hapa mlangoni ninaona mabati ya nyumba yake yanavyong'aa, yale mapya ya kijani, na ninajiuliza ni kuaga gani huko kunakomaliza mchana mzima. Mimi nimekulea tangu ukiwa hujui kufunga vifungo. Yeye amekulea lini?

Basi nimechukua kalamu. Unajua mimi na kalamu hatupatani, niliacha shule darasa la nne na mwalimu hakunililia. Lakini ukirudi utakuwa na haraka ya kufunga mzigo, na mimi nikifungua mdomo nitakupigia kelele, halafu utasema, "Nyanya, usianze." Karatasi haiambiwi usianze.

Sitakuambia ufunge mlango, wala uchemshe maji, wala uangalie jirani zako huko Majimbo, Embu, ni watu wa aina gani. Mtu aliyesomea kupima damu ya watu hafundishwi kufunga mlango. Nataka tuongee lile jambo uliloniuliza juzi tukichambua maharagwe, nikakufokea na sikukujibu.

Uliniuliza hivi: "Nyanya, mshahara ukiingia niweke kiasi gani?"

Nilifurahi. Nikasema moyoni, huyu mtoto ameniuliza mimi. Nikapangusa mikono kwa leso ili nikujibu vizuri. Halafu ukaongeza, "Kwa sababu Nyanya Kanyua ameniambia nianze na nusu."

Kumbe ulikuwa umeshauliza kwingine! Mimi nilikuwa wa pili. Ndiyo maana nilikuambia uende umuulize na ng'ombe pia.

Na hukuishia hapo. Ukatoa simu ukanionyesha kijana amevaa shati jeupe, anasema mtu akiweka nusu tangu mwanzo atafika mahali hafanyi kazi ya mtu tena, pesa yake ndiyo inamfanyia. Nikakuuliza, huyo anakaa kwa nani? Ukasema hujui. Mimi najua. Anakaa kwa mama yake. Mtu anayelipa nyumba hawezi kutaja nusu huku anatabasamu hivyo.

Lakini kilichoniuma ni lile neno la mwisho. Kwamba Kanyua amesema usianze na kupeana, uanze na kuweka, hata ule mshahara wa kwanza.

Mshahara wa kwanza, Gatwiri! Kwetu mshahara wa kwanza una njia yake. Mtoto anauleta kwa aliyemlea, anamwekea mkononi. Aliyemlea anaushika, anatema mate kidogo kwenye viganja vya mtoto, anamwambia kazi yake isikauke. Halafu mtoto anamnunulia blanketi. Mimi hiyo blanketi yangu nilikuwa nimeshaiona. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi. Sasa mwanamke wa ng'ambo ya ua anataka kunivua blanketi ambayo bado sijajifunika!

Nimekasirika siku tatu. Leo nimekaa chini nikafikiri, na nitakujibu. Lakini kwanza nikuambie habari za huyo mwalimu wako wa pesa.

Wewe unamjua Kanyua wa sasa, mwenye vyumba vya kukodisha kule Nkubu nyuma ya soko, anayekupa mandazi ukipita. Mimi namjua tangu tukiwa maharusi. Tuliolewa mwaka mmoja. Mashamba yetu yamepakana, tumechuma majani chai kwenye mistari inayotazamana, nikiinua kichwa namwona. Nimemwona maisha yangu yote na sijachoka kumwonea wivu. Haya, nimeandika. Usisome mara mbili.

Siku ya bonasi ya majani chai unaijua ilivyo hapa kwetu. Bucha zinajaa, wanaume wanakumbuka wake zao kwa saa moja. Sisi wanawake wa kikundi tulikuwa tunanunuliana vyombo kwa zamu. Leo thamosi kwa huyu, zamu nyingine sufuria kwa yule, na siku ya kupeleka tunaingia mpaka chumba cha ndani tuone kabati limejaa vipi. Kanyua alikaa kidogo kwenye kikundi akatoka. Alisema thamosi moja inamtosha kwa sababu ana mdomo mmoja. Tulimcheka mwaka mzima.

Yeye bonasi ikitoka alikuwa anapitia Sacco kwanza. Akishaacha pesa yake pale dirishani ndipo anapita mbele ya bucha na kikapu cha sukuma wiki. Siku moja mimi nilikuwa kwenye foleni ya nyama, nikamwita kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Mama Muthomi! Kwani nyama ilikukosea nini?"

Akasimama, kikapu mgongoni. "Haikunikosea. Ni mimi nimeikosea. Nitaiomba msamaha mwaka ujao."

"Na mwaka ujao utaiambia nini?"

"Nitaiambia ingoje. Si wewe upo wa kuila?"

Foleni nzima ilicheka, na hawakuwa wanamcheka yeye.

Sasa watu wanafikiri ninaonea wivu vile vyumba vyake. Vyumba ni nini? Ni mawe na wapangaji wenye kelele. Nitakuambia kinachonichoma. Mwisho wa mwezi simu yangu ikilia, mimi natupa jembe. Umeniona mwenyewe. Nakimbia na matope yangu, kwa sababu labda ni mjomba wako Mwiti ametuma kitu, labda ni mama yako huko Kiirua. Nikikuta ni watu wa kampuni ya simu wananiuzia wimbo, nakaa chini pale kwenye ukuta na kujiona mjinga. Mtu mzima anakimbilia wimbo!

Sasa nenda umwangalie Kanyua. Simu yake inalia akiwa anaosha miguu pale kwenye ngazi. Anaosha wa kwanza. Anaosha wa pili, na katikati ya vidole. Anapangusa. Anavaa ndara zake. Halafu anauliza, "Ni nani huyo alikuwa anapiga?"

Hicho ndicho ninachomwonea wivu. Akiugua anajilipia. Paa likivuja anaita fundi siku hiyo hiyo. Hakuna mtoto wake anayemwambia, "Mama, subiri mwisho wa mwezi." Ule uhuru ambao kijana wa shati jeupe anauzungushia maneno marefu ndio huo, Gatwiri. Ni kumaliza kuosha miguu yako.

Kwa hivyo sikwambii usiweke. Weka. Lakini nusu? Nusu ni ya nani?

Simwiti Kanyua mwongo, ingawa ningependa. Amesahau tu. Akiangalia nyuma anaona nusu, kwa sababu miaka ya mwisho aliweka nusu kweli. Lakini mwanzo haukuwa hivyo, na mimi ndiye shahidi. Yeye hakuingia darasa hata moja. Mimi na hii elimu yangu ya darasa la nne nilikuwa msomi mbele yake. Kwa hivyo miaka ile ya kwanza, tukitoka kupokea pesa, tulikuwa tunakaa kwenye nyasi kando ya barabara, ananyoosha leso yake, ananiambia, "Nigawie." Na mimi namgawia. Katika kila kumi, saba hapa, tatu pale. Saba hapa, tatu pale. Zile tatu anafunga kwenye pembe ya leso, anapeleka.

Umesikia? Ni mikono hii. Ni mimi niliyemtengea hizo pesa, noti kwa noti, halafu nikanyanyuka na zangu zote nikaingia bucha. Ningekuwa namwonea wivu mtu mwingine, sawa. Huyu nilimhesabia mimi mwenyewe!

Alikuwa na watoto shuleni, alikuwa na mama mkwe mgonjwa, na ilikuwa tatu. Muthomi wake alipomaliza shule ndipo zikawa nne, halafu tano. Mimi najua kwa sababu nilikuwa naangalia. Yeye alikuwa na maisha yake ya kuishi. Mimi nilikuwa na yangu ya kuishi na yake ya kuangalia. Ukitaka kujua ukweli wa mtu, usimuulize mwenyewe, njoo kwangu niliyemwonea wivu.

Nusu nimeijaribu mimi. Kuna wakati nilichoka kumwona akifunga ile leso, nikaanza kuweka nusu ya pesa ya maziwa pale pale Sacco. Sikuwa na hesabu yoyote. Yeye anaweka tatu, mimi nikataka kumpita, basi. Mwezi wa kwanza tulikula mboga bila mafuta. Mwezi wa pili babu yako aliniuliza kama tumehamia kanisa jipya ambalo halili. Mwezi wa tatu mama yako akarudishwa nyumbani kwa karo, na pesa iko pale imelala. Nikaenda kutoa. Na mtu akishaanza kutoa kwa aibu, Gatwiri, hatoi kidogo. Nilikuwa nimeteseka, nikajihurumia, nikatoa karo na nikatoa na zilizobaki. Nikanunua viti vya sofa. Vile vya kahawia ambavyo sasa kuku wanatagia huko nyuma. Na pale dirishani sikurudi tena, kwa sababu niliona karani atanicheka. Karani hata jina langu hakujua.

Ndiyo maana nikisikia nusu nafoka. Utaweka nusu miezi mitatu kwa sababu kijana wa simu amesema, halafu mwezi mmoja kiatu kitachanika, mtu atafiwa, utatoa yote kwa hasira na utasema kuweka si kwa watu kama sisi. Mimi nilisema hivyo miaka mingi. Nilisema nikiwa nimekalia sofa.

Sasa nije kwa Mwiti. Wewe unamwona mjomba wako anachekesha, mtu wa watu, na unashangaa kwa nini mtu mwenye mvi kama yeye bado ananiomba nauli. Mwiti alipopata kazi ya ukarani Meru aliniletea mshahara wa kwanza wote, kwenye bahasha, hajafungua. Aliibeba kwa mikono miwili kama yai. Nilitakiwa niushike, nimtemee mate viganjani, nitoe ya blanketi na kumrudishia nyingine akaanze maisha. Ndivyo inavyofanywa. Lakini nilitazama ng'ambo nikamwona Kanyua anang'oa magugu, hainui kichwa. Mtoto wangu ameajiriwa afisini na huyu mwanamke anang'oa magugu! Nikataka ainue kichwa.

Nikachinja mbuzi wawili. Nikaita kikundi chote. Nikakodi hema. Hema, kwa mshahara wa karani! Kanyua alikuja, akala vizuri, akasema asante. Akiosha mikono akaniuliza polepole, "Na mwezi huu Mwiti atakula nini?"

Nikamwambia, "Wewe ulizaliwa na roho ya baridi."

"Yangu ni baridi," akasema, "lakini yake ni tumbo."

Mwezi huo Mwiti alikopa. Na uliofuata akakopa ili alipe. Lakini hiyo si kitu, deni linaisha. Kibaya ni kwamba alikaa chini ya lile hema akasikia akishangiliwa, akaona mama yake anacheka, akajifunza kwamba mshahara ni kitu cha kuonyesha watu. Mpaka leo hakuna harusi ambayo jina lake halitajwi kwenye kipaza sauti. Jumapili anatoa mchango mkubwa, Jumatatu ananipigia mimi. Watu husema alizaliwa hivyo. Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa mwoga wa pesa, kama wewe. Ni mimi niliyemkodia hema.

Sasa jibu lako. Mshahara wako ni elfu thelathini, usijifanye ni siri, ulimwambia Kanyua na sauti yako inavuka ua. Weka elfu tisa. Weka siku ile ile mshahara unapoingia, kabla hujanunua hata chumvi, mahali ambapo kutoa kunasumbua. Usingoje uone kitakachobaki mwishoni. Mimi nimengojea kitakachobaki tangu nivae nguo ya harusi, na bado sijakiona. Nyumba na chakula na nauli vitoke kwenye zile nyingine. Ya huku nyumbani iwe kidogo, iwe ile ile kila mwezi, uitume bila kuombwa. Mtu akikupigia anataka zaidi, sema huna, na usianze kueleza kwa nini. Ukianza kueleza umeshapeana.

Hata mimi nikikupigia. Hasa mimi. Nikiona Kanyua ameletewa kitu kipya ninaweza kuugua mgongo siku hiyo hiyo. Uniulize kwanza, "Nyanya, Kanyua ameletewa nini?" Nikinyamaza, kata simu.

Wakikuongeza, sahani ibaki ile ile na tatu ziwe nne. Ukizoea nne, fanya tano. Utafika kwa nusu yako, lakini fika ukitembea.

Na jambo moja ambalo Kanyua hawezi kukuambia kwa sababu yeye halijui. Huko Embu utakutana na Kanyua wako. Atakuwa binti mnafanya kazi pamoja, ana nywele nzuri, ana televisheni inayofunika ukuta. Au atakuwa anaweka zaidi yako na anasema kwa upole, hao ndio wabaya zaidi. Wewe una damu yangu. Nilikuona ulivyonuna wiki nzima binamu yako aliponunuliwa viatu vya Krismasi. Ukihisi ile kitu inapanda kifuani, siku hiyo usinunue na usiweke. Usiguse pesa kabisa. Fua nguo. Pesa yangu yote niliitumia nikiwa na ile kitu kifuani, na hata ile niliyoweka, niliiweka nayo.

Nimeinua kichwa, nawaona. Mnakuja kwa njia ya majani chai, yeye amekubebea kikapu na wewe umemshika mkono. Mkono! Ana miguu yake mwenyewe, na ni safi kuliko yangu. Sasa itabidi nitoe kikombe cha tatu, na ataangalia kabati langu aone zile thamosi zote, kama anavyofanya kila akija, na hatasema kitu, kama anavyofanya kila akija. Nitamkaribisha kwa sababu mvua inakaribia. Usifikirie ni kwa sababu nyingine.

Basi nimalize haraka kabla hamjafika mlangoni. Mshahara wa kwanza usiniletee. Kesho asubuhi kabla gari halijaja utanipa viganja vyako, hivyo hivyo vitupu, nitavitemea mate, na nitasema maneno yote ambayo ningeyasema na bahasha mkononi. Itakuwa imekwisha. Hutakuwa na deni langu hata la sindano. Huo mshahara ukiingia, ugawe. Saba hapa, tatu pale. Wewe umesoma, hutahitaji mtu wa kukaa naye kwenye nyasi.

Na usimwambie Kanyua kwamba tumekubaliana naye hata kidogo. Akikuuliza, mwambie, "Nyanya yangu amesema tatu, na amesema anakumbuka ile leso."

Blanketi nitangoja. Iliyopo bado inafunika upande mmoja. Ukija Krismasi na kitu mkononi, uje nacho. Na kama roho yako itakutuma ununue mbili, moja ya huyu wa ng'ambo, siwezi kukuzuia, mshahara ni wako.

Lakini yangu iwe nzito.

Nyanya yako aliyekulea